Kifua Kimebana Tena: Kutafuta Kinachokichokoza, Dalili kwa Dalili

Mgonjwa wa pumu akizidiwa hapa Mombasa, lawama ya kwanza hubebwa na baridi. Kusi imeingia, mvua imemnyeshea, ameoga usiku. Ni hivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambao kwenye kadi ya hospitali huandikwa COPD, ule unaowapata sana waliovuta sigara miaka mingi na kina mama waliopikia kuni na makaa tangu usichana wao.

Baridi ina sehemu yake. Lakini hapa kwetu hata mwezi wa saba usiku joto huteremka hadi nyuzi 20 hivi, na kwa wengi baridi ya kiasi hicho peke yake haiangushi mapafu. Ukiuliza kwa utaratibu, jana alilala chumba gani, juzi kulipikwa nini, ile dawa ya kila siku aliipuliza lini mara ya mwisho, mara nyingi hujitokeza kitu kingine, na kwa kawaida ni kitu kilichokuwa ndani ya uwezo wa nyumba kukiondoa. Pia kuzidiwa mara nyingi hakuji kwa dakika moja. Hujijenga siku moja, mbili, hata tatu kabla. Kwa hiyo unapotafuta kisababishi usianzie na saa iliyobana, rudi nyuma siku tatu.

Malalamiko yaliyomo humu ndiyo yanayorudiwa na wagonjwa wa kifua na wanaowauguza. Visababishi nimevipanga kuanzia kinachotokea sana hadi kinachotokea kwa nadra, na ukaguzi rahisi umetangulia.

Dalili za kuacha kusoma na kuondoka

Mpeleke mgonjwa hospitali sasa hivi, usingoje kukuche, ukiona lolote kati ya haya:

- Hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika pumzi.
- Ulimi, midomo kwa ndani au kucha zimegeuka buluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi usitazame uso, utakudanganya.
- Mbavu na shina la shingo vinaingia ndani kila akivuta pumzi, hasa kwa mtoto.
- Amechanganyikiwa, au anasinzia ovyo na hajibu sawasawa.
- Kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kimenyamaza ghafla na bado anahangaika kupumua. Watu huufurahia ukimya huu. Maana yake ni kwamba hewa haipiti tena hata ya kutoa mluzi.
- Inhela ya buluu (kile kipulizo cha dawa ya kufungua kifua haraka) imepulizwa mara kumi bila nafuu, au nafuu inaondoka kabla ya muda wa saa nne kupita.
- Anakohoa damu, au amepata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua.

Mkiwa njiani akae wima, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Usimlaze chali. Mpulizie inhela ya buluu mara moja moja, mkipumzika nusu dakika hadi dakika moja kati ya mpulizo na mpulizo, kwa kupitia chupa kama ninavyoeleza huko mbele. Nendeni hospitali iliyo karibu yenye oksijeni. Mkaaji wa Likoni aanze na hospitali ya Likoni badala ya kukaa kwenye foleni ya feri akitafuta kisiwani. Wa Changamwe wana Port Reitz. Kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Nambari za dharura ni 999 na 112, lakini ambulansi ikikawia pandeni tuktuk au teksi, msiisubiri.

Mkifika, kama mgonjwa ana COPD, lisemeni hilo mapema kwa yeyote anayeshika chupa ya oksijeni. Wagonjwa hawa kwa kawaida hulengwa wawe kati ya asilimia 88 na 92 za oksijeni kwenye damu. Kuwafungulia oksijeni nyingi kupita kiasi kunaweza kuwalaza usingizi mbaya.

Jua kawaida yako kwanza

Huwezi kujua umeharibikiwa kama hujui ulivyo siku nzuri. Siku ambayo kifua kiko sawa, andika mambo manne: unapanda ngazi ngapi kabla ya kutweta, makohozi yako ni mengi kiasi gani na ya rangi gani, unaamka usiku mara ngapi, na kwa wiki unapuliza ile ya buluu mara ngapi. Kwa mwenye pumu, buluu ikizidi mara mbili kwa wiki, pumu haijatulia, hata kama mchana unajiona mzima. Karatasi hii ibandike karibu na kitanda.

"Nalala vizuri, ikifika saa tisa usiku naamka kifua kimebana"

Hili ndilo lalamiko linalokuja kwa wingi kuliko yote, na visababishi vyake ni vingi.

*Dawa ya kila siku imeachwa.* Anza hapa kabla ya kugusa godoro. Inhela ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia, haitoi nafuu unayoisikia papo hapo. Kazi yake ni kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, na huifanya polepole kwa siku na wiki. Kwa sababu hiyo watu huiacha wakijiona wazima, halafu wiki mbili baadaye usiku unaanza kuwatesa na hawaunganishi mambo haya mawili. Uliza waziwazi: imepulizwa jana? Juzi? Imeisha lini?

Mwezi wa Ramadhani huleta wimbi lake. Wapo wanaoacha inhela zote mchana na usiku wakihofia funga. Dawa ya kuzuia inayopulizwa mara mbili kwa siku kwa kawaida inaweza kupangwa wakati wa futari na wakati wa daku, na funga haiguswi. Ya buluu ni ya dharura. Wanavyuoni wana kauli tofauti kuhusu kuipuliza mchana, basi muulize shekhe wako kabla mwezi haujaandama, si wakati pumzi zinakatika. Aliyebanwa kifua mchana apulize na aende hospitali. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa.

*Godoro na mto.* Mito ya sufi na magodoro ya zamani hukusanya vumbi na utitiri, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaostawi kwenye joto na unyevu, na Mombasa inavyo vyote viwili mwaka mzima. Ukaguzi rahisi: mgonjwa alale usiku tatu kwenye chumba kingine, kwenye mkeka safi au godoro jipya la sponji. Akilala vizuri, umeshajua pa kushika. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, mto wa sufi uondolewe, na godoro livalishwe mfuko wa plastiki wenye zipu. Kulianika juani husaidia, lakini asilipige mgonjwa mwenyewe, wala lisipigwe dirishani kwake.

*Koga ukutani.* Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hupaka rangi juu ya ugonjwa. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu hewani. Ukiupiga ukuta wa aina hiyo plasta ya saruji au rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, unajikusanya, na baada ya masika madoa meusi na ya kijani yanachomoza nyuma ya kabati. Nyumba za matofali za Kisauni na Mikindani zina tatizo la namna nyingine: bomba linalovuja, paa la mabati linalodondosha, bafu lisilo na dirisha.

Sogeza kabati na kitanda, nusa, tazama pembe za dari. Kama koga ni doa dogo, mgonjwa atoke ndani ya nyumba, na mwingine aliyefunika pua na mdomo alisugue kwa kitambaa kilicholowa maji na sabuni. Usikwangue pakavu, utayarusha mavumbi yake chumba kizima. Halafu tafuta maji yanatoka wapi, la sivyo koga itarudi. Koga ikiwa imetanda ukuta mzima, au plasta inabonyea na boriti za dari zimelainika, acha. Hapo ni kazi ya fundi anayejua chokaa, na mgonjwa ahamie kwa ndugu hadi kazi iishe na chumba kikauke.

*Dawa ya mbu ya kuchoma.* Ile koili ya kijani inayowashwa chini ya kitanda hutoa moshi usiku kucha, dirisha likiwa limefungwa. Izime. Chandarua kinatosha, na hakina moshi.

*Feni na paka.* Futa mabapa ya feni kwa kitambaa kibichi. Paka asilale kwenye chumba cha mgonjwa.

*Kiungulia.* Aliyekula biriani saa nne usiku akalala saa nne na nusu, tindikali ya tumbo hupanda na kuchokoza koo na kifua. Aache muda wa saa tatu kati ya kula na kulala, ainue kichwa cha kitanda.

*Moyo.* Kwa mtu mzima anayelazimika kulala akiwa amekaa, aliyevimba miguu yote miwili na kuongezeka uzito kwa siku chache, usiendelee kutafuta vumbi. Huenda mapafu yanajaa maji kwa sababu moyo umechoka. Hilo ni la daktari, tena mapema.

"Nikiingia jikoni tu, au udi ukiwashwa, naanza kukohoa"

Moshi. Visababishi hapa havina siri, tatizo ni kwamba viko ndani ya maisha yetu na vingine tunavipenda.

Makaa na kuni ndiyo ya kwanza. Jiko la makaa liwashiwe nje hadi moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, ndipo liingizwe kama ni lazima. Asiliwashe mgonjwa. Lisiwashwe kwa mifuko ya plastiki wala vipande vya mpira, kwani moshi wake ni sumu hata kwa mwenye mapafu mazima. Kuni ziwe kavu. Jikoni kuwe na tundu juu ukutani la kutoa moshi, pamoja na dirisha. Nyumba inayoweza kuhamia gesi ihamie, na kama pesa hazitoshi kwa mapishi yote, basi angalau yale marefu, maharagwe na pilau, yaende kwenye gesi au yapikiwe uani. Stovu ya mafuta ya taa si nafuu kama watu wanavyodhani. Harufu yake peke yake inawabana wengi.

Onyo la kushika sana: usiingize makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua au mbu. Hutoa gesi isiyonukia inayoua watu usingizini. Kichwa kikianza kuuma na watu wawili watatu chumbani wanasikia kizunguzungu kwa pamoja, tokeni nje nyote papo hapo, kisha hospitali.

Kukaanga kunafuata. Mama anayechoma mahamri alfajiri au kukaanga viazi karai jioni nzima anavuta mvuke wa mafuta kwa saa nyingi. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hufuka zaidi. Karai likae pale upepo unapompita muuzaji ukaupeleka moshi mbali naye, si kinyume. Pilipili kavu zisikaangwe mgonjwa akiwa karibu.

Kisha chetezo. Najua udi na ubani si moshi tu kwetu. Ni heshima ya mgeni, ni harusi, ni Alhamisi jioni. Lakini kwa mapafu yaliyovimba moshi wa udi hauna tofauti na moshi mwingine, na wagonjwa wengi huona haya kusema. Semeni. "Shangazi, kifua changu hakistahimili udi, nitakaa barazani, naomba unisamehe." Hakuna shangazi atakayekasirika akijua usiku wa jana ulilala hospitali. Nyumbani, nguo zifukizwe mgonjwa akiwa ametoka, na madirisha yafunguliwe kabla hajarudi. Manukato makali ya kupuliza nayo ni vivyo hivyo.

Sigara isivutwe ndani, wala mlangoni, wala "dirishani tu". Shisha ilipigwa marufuku Kenya mwishoni mwa 2017, lakini bado huwashwa faraghani, na maji yale hayauchuji moshi ukawa salama. Kwa mwenye COPD anayevuta bado, kuacha sigara kunazidi dawa yoyote iliyo kwenye orodha yake katika kupunguza kasi ya mapafu kuharibika.

Dawa za choo: klorini ikichanganywa na tindikali ya kusafishia choo hutoa gesi kali inayochoma njia za hewa. Usizichanganye kamwe. Ukishazichanganya kwa bahati mbaya, usijaribu kusafisha. Toka, fungua mlango, na ukianza kukohoa mfululizo nenda hospitali hata kama unajiona umepata nafuu, maana uvimbe unaweza kuja saa kadhaa baadaye.

"Nikiwa nyumbani sina neno, nikienda kazini nabanwa"

Swali moja hufungua kesi hii: siku za mapumziko, au ukienda kwenu mashambani wiki nzima, kifua kinatulia? Kama kinatulia, kisababishi kiko kazini au njiani.

Barabara ya Changamwe, Magongo na Jomvu hubeba malori ya bandari mchana na usiku, na moshi wa dizeli ni kichocheo kikubwa. Usiketi kibandani ukingoni mwa barabara kama unaweza kuhamia ndani hatua ishirini. Kwenye tuktuk na matatu epuka kufuata lori kwa nyuma, mwombe dereva. Ukiishi kando ya barabara kuu, fungua madirisha ya upande wa pili. Takataka zinazochomwa mtaani jioni nazo huwabana watu wengi. Zungumzeni na mzee wa mtaa, kwani mtu mmoja akilalamika huonekana mkorofi.

Bandarini na viwandani kuna vumbi la klinka (malighafi ya saruji), makaa ya mawe na nafaka. Mafundi wana lao la saruji na mbao, na mapenta wa magari hupuliza rangi zenye kemikali ambazo zenyewe zinaweza kuanzisha pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi laini. Barakoa ya N95 iliyoshika uso vizuri huzuia, ila mwenye COPD iliyokwisha kuwa kali anaweza kushindwa kupumua ndani yake. Akisikia kizunguzungu aivue na aondoke kwenye vumbi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kuviomba ni haki yako. Andika kwa wiki mbili siku za kazi na siku za mapumziko na kifua kilivyokuwa, umpelekee daktari karatasi hiyo. Usiache kazi kabla ya kuonana naye, wala usivumilie miaka. Pumu ya kazini ikigunduliwa mapema huweza kutulia, ikichelewa hubaki.

Kwa wanaobanwa pale Likoni wakikimbilia feri: mara nyingi ni ule mteremko na haraka. Tokeni nyumbani mapema, na mwenye pumu ya mazoezi apulize ya buluu dakika kumi na tano kabla ya kutembea, ikiwa daktari amemwelekeza hivyo.

"Makohozi yamebadilika"

Mafua ya kawaida ndiyo yanayoongoza. Yakiingia nyumbani, mwenye COPD hubanwa siku mbili tatu baadaye. Mikono ioshwe, mwenye mafua asilale naye chumba kimoja. Uliza kliniki yako kuhusu chanjo ya mafua na ya nimonia.

Makohozi yakiongezeka, yakageuka manjano mazito au kijani, na pumzi zikapungua kuliko kawaida yako, mtafute daktari siku hiyo hiyo au kesho yake. Usimeze vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwa jirani. Usinunue prednisolone dukani kila ukibanwa: ni dawa nzuri inayookoa watu kwa siku chache chini ya daktari, lakini ikirudiwarudiwa hupandisha sukari, hulainisha mifupa, na hufanya mwili ushindwe kujitegemea. Kama unatumia vidonge vya theophylline au aminophylline, mwambie daktari na muuza dawa kabla ya kupewa antibayotiki yoyote, kwani ciprofloxacin na erythromycin huipandisha theophylline kwenye damu hadi moyo ukaenda mbio na mtu akapata degedege.

Kikohozi kikipita wiki mbili, kikiwa na jasho la usiku, homa za jioni au kukonda, pima kifua kikuu. Kipimo na dawa havilipiwi kwenye hospitali za serikali. Na kwa aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona: makovu yaliyobaki mapafuni yanaweza kuleta mluzi na pumzi fupi maisha yote bila ugonjwa kurudi. Usikubali kuanzishiwa dawa za miezi sita tena bila makohozi kupimwa, na usikatae kupimwa kwa kuogopa watu watasemaje.

Kujifukiza kwa maji ya moto na mwarobaini hakuondoi uambukizi. Mvuke mkali huweza kumbana zaidi mwenye pumu, na sufuria hupinduka na kuunguza watoto. Tangawizi na asali kwa mtu mzima hazina ubaya, almradi zisichukue nafasi ya dawa. Mtoto asidondoshewe mafuta wala samli puani au kunyweshwa kwa nguvu. Mafuta yakiingia mapafuni huleta nimonia ngumu kutibu.

"Napuliza lakini haisaidii"

Kabla ya kusema dawa imekosa nguvu, kagua kwa mpangilio huu.

Ni ipi? Wengi hupuliza ya kahawia wakibanwa, na ya buluu kila siku. Usitegemee rangi pekee, soma jina: salbutamol ndiyo ya kufungua haraka. Siku hizi wapo pia waliopewa inhela moja inayofanya kazi zote mbili. Hao wafuate walivyoelekezwa.

Imeisha? Inhela nyingi za buluu zina mipulizo 200. Ikishaisha dawa, gesi bado hutoka na sauti inasikika, ndiyo maana watu hupuliza hewa tupu wiki nzima. Kuitia majini uone kama inaelea si kipimo cha kuaminika, na huharibu valvu. Andika tarehe ya kuifungua juu ya kopo kwa kalamu. Na kama kopo la 200 linaisha ndani ya mwezi mmoja, kosa si la kopo. Pumu yako inazidi kuharibika na daktari ajue wiki hii.

Imehifadhiwa wapi? Makopo mengi yameandikwa joto lisizidi nyuzi 30. Februari na Machi mchana wa Mombasa hupita hapo hata kivulini, sembuse dirishani au kwenye dashibodi ya gari, ambako kopo linaweza hata kupasuka. Iweke mahali penye baridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na jiko. Chungulia mdomo wake kabla ya kupuliza, mavumbi na wadudu huingia.

Unapuliza vipi? Tikisa. Toa pumzi yote. Bana midomo. Anza kuvuta pumzi taratibu, na papo hapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta. Zuia kwa hesabu ya kumi. Ngoja nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili. Ukiona dawa inatoka kama moshi puani au mdomoni, haikuingia.

Watoto, wazee, na yeyote aliyebanwa sana hawawezi mpangilio huo, na hapo ndipo chupa inapookoa. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Toboa kitakoni tundu linalolingana kabisa na mdomo wa inhela, uchomeke bila kuacha mwanya, uzibe kwa gundi ya karatasi. Mgonjwa abane midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano, ndipo upulize tena. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu ulionyesha chupa ya namna hii inafanya kazi karibu sawa na kifaa cha dukani. Baada ya dawa ya kuzuia, sukutua maji na uteme, kuepuka utando mweupe mdomoni.

"Nimefanya yote hayo na bado nazidiwa"

Toa dawa zote unazotumia, za ugonjwa wowote, uzipange mezani. Aspirini, ibuprofen na diclofenac huwabana baadhi ya wenye pumu, wakati mwingine vikali sana. Propranolol na atenolol za presha, na matone ya timolol ya jicho, yanaweza kufanya hivyo pia. Hakuna anayedhani tone la jicho litafika kifuani, lakini linafika. Usiziache mwenyewe, kwa sababu za presha zikikatwa ghafla moyo unaweza kuumia. Nenda kwa aliyekuandikia akubadilishie. Isipokuwa dawa ya maumivu iliyokubana ndani ya saa moja mbili: hiyo usiirudie hata kidonge kimoja.

Kama dawa ziko sawa, inhela iko sawa na nyumba imesafishwa, basi huenda jina la ugonjwa lenyewe si sahihi. Watu wengi hutibiwa pumu miaka kumi bila kuwahi kupuliza kwenye mashine ya spairometri, kipimo ambacho huonyesha njia za hewa zimeziba kiasi gani na zinafunguka kiasi gani baada ya dawa. Omba rufaa ya kipimo hicho, pamoja na picha ya kifua. Mguu mmoja ukiwa umevimba na kuuma, na pumzi zimekatika ghafla bila mluzi, usisubiri rufaa: huenda ni damu iliyoganda, na hilo ni la dharura siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki beba inhela zako zote hata tupu, vidonge vyote, karatasi ya kawaida yako, na orodha ya siku tatu zilizotangulia mara ya mwisho ulipozidiwa. Mwambie daktari akutazame ukipuliza. Kisha usiondoke bila karatasi iliyoandikwa, kwa lugha unayoisoma, inayosema upulize nini ukiwa sawa, nini ukianza kubanwa, na lini uende hospitali. Nakala moja abaki nayo unayelala naye nyumba moja.